Uzi wa kushona begi la kiunoni kwa kitenge: zipu kwanza, mengine yatafuata

Mkasi Butu (#1)

Habari za jioni wakuu.

Juzi niliweka picha ya begi la kiunoni la kitenge nililomshonea mdogo wangu wa bodaboda. Tangu hapo meseji haziishi, na zote zinauliza jambo moja: umelishonaje? Kujibu mmoja mmoja siwezi, nimeona nifungue uzi hapa jukwaani. Nitangulize kusema mimi si fundi wa kusomea. Nina cherehani ya Butterfly ya miguu aliyoniachia mama, na meza yangu ya kukatia ni kitanda.

Nianze na aibu yangu. Begi langu la kwanza nililimaliza saa sita usiku, mishono imenyooka, nikajipongeza. Likabaki la kuligeuza tu kupitia zipu. Kumbe zipu nilikuwa nimeifunga! Begi limeshonwa pande zote, zipu imebana kimya, na ile kamba ya kuvutia kichwa iko ndani. Nililishika mkononi kama mtu aliyebamiza mlango funguo zikabaki chumbani. Ndiyo maana kichwa cha uzi huu kinasema zipu kwanza.

Bibi yangu hakuwa na shida hizi. Alikuwa anakunja upande wa khanga kiunoni, hela inalala humo, anaita kibindo. Siku hizi neno hilo nalisikia kwa watangazaji wa mpira tu, timu imetia kibindoni pointi 3.

Haya, vifaa. Kitenge nusu yadi kinatosha na kinabaki, maana vitenge vingi vina upana wa inchi 45 hivi. Bitana kiasi hichohicho, chochote chepesi, hata shuka la zamani. Gamu ya kubandika kwa pasi, ile ya kukazia kitambaa. Zipu ya nailoni ya inchi 14, namba 5 ikiwezekana, kwa sababu namba 3 ni ya sketi na magauni, begi la kufunguliwa mara 50 kwa siku litaimaliza mapema. Mkanda wa begi wenye upana wa inchi 1½, mita moja na robo. Klipu ya plastiki ya upana huohuo, na kile kiplastiki chenye matundu mawili cha kurefushia na kufupishia mkanda. Uzi wa polista, usitumie ule wa pamba unaokatika ukiutazama. Sindano namba 16.

Bei sitaji. Kila mtaa una bei yake na kila muuza duka ana uso wake.

Kitenge kifueni kwanza na mkipige pasi. Kile kipya kina wanga, kinasimama vizuri dukani, ukifua kinalegea na kinaweza kurudi kidogo. Kirudi kabla hujakata, si baada ya kushona.

Naendelea, mtoto analia.

Konda Mstaafu (#2)

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Nimevaa begi la kiunoni miaka 11 kwenye daladala, nimeyazika kama 9. Yote yamekufa kwa ugonjwa mmoja: mkanda unang'oka pale ubavuni. Kitambaa kinakuwa kizima, zipu nzima, mkanda unabaki unaning'inia kama mkia. Ukifika hapo dada, eleza taratibu.

Njugu Mawe (#3)

Ngoja waje mafundi. Mimi nimekuja kusoma michango.

Mkasi Butu (#4)

@Konda Mstaafu tutafika, na nadhani hilo ndilo lenye maana kuliko yote.

Kukata. Chukua karatasi, gazeti linatosha. Chora mstatili wa inchi 13 kwa 7. Pembe mbili za chini zizungushe kwa kisahani cha chai. Hicho ndicho kiolezo. Begi likiisha litakuwa inchi 12 kwa 6, kwa sababu nusu inchi kila upande inaliwa na mshono. Simu inaingia, leseni inaingia, hela inaingia, na funguo.

Kwa kiolezo hicho kata mgongo: kitenge kimoja, bitana moja, gamu moja.

Mbele ndipo watu wanapokosea. Usikate kwa kiolezo. Kata vipande viwili vya mstatili, cha juu inchi 13 kwa 2½, cha chini inchi 13 kwa 4½. Kila kimoja na bitana yake na gamu yake. Pembe za mviringo usiziguse sasa. Utaunganisha vipande na zipu kwanza, ndipo uweke kiolezo juu yake na kukata kwa pamoja. Ukitanguliza kukata mviringo, zipu ikisogea kidogo tu begi linakuwa na shavu moja limevimba.

Gamu: upande wenye vichembe vya gundi uelekee mgongo wa kitenge, yaani upande usio na maua. Tandika kitambaa kibichi kidogo juu, kandamiza pasi hesabu hadi 12, inua, sogea. Usiburute kama unapiga pasi suruali, gamu itajikunja na haitanyooka tena. Mimi natumia pasi ya mkaa, umeme ukikatika sisimami.

Sindano18 (#5)

Dada kuna mbinu ya bure. Ile mifuko mbadala iliyokuja baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku 2019, ile laini kama kitambaa. Nyumbani kwangu ipo lundo. Si inafaa kuwa gamu?

Mkasi Butu (#6)

Inafaa, ila ikae mbali na pasi. Ile ni plastiki iliyobanwa ikafanana na kitambaa. Nilijaribu kuikandamiza, ikajikunyata kama ngozi ya kuku kwenye moto, na pasi ya mama ikabaki na utando mweusi niliokwangua siku mbili. Ukitaka kuitumia, ishone pembeni pamoja na kitenge bila kuipiga pasi. Na ukifua begi, nalo usilipige pasi.

Fundi Majengo (#7)

Samahani kuingilia. Mimi ni fundi, nashona mabegi ya shule msimu wa Januari na nguo miezi mingine.

Kwa begi la urembo gamu sawa. Kwa begi la kazi, la bodaboda au mama wa sokoni, gamu mimi siitumii. Linafuliwa kila wiki, gamu inaachia, kitenge kinapata mapovu. Chukua suruali ya jinzi ya mtumba iliyochoka magoti, mapaja yake bado mazima. Kata vipande vilevile vya jinzi uviweke nyuma ya kitenge, ushone kwa pembeni viwe kama kitambaa kimoja. Linakuwa zito kidogo lakini halilegei. Na mfuko wa nyuma wa hiyo jinzi ufumue uubandike ndani kwenye bitana ya mgongo, umeshapata mfuko wa siri bila kuushona.

Hapo tu sindano 16 haitoshi. Weka 18, na uongeze urefu wa mshono. Mshono mdogomdogo kwenye kitu kinene unakitoboa kama karatasi ya stempu, kinachanika kwenye mstari uleule.

Mkasi Butu (#8)

Hapo kwa jinzi nimekuelewa fundi. La mdogo wangu lina gamu na kweli lina mapovu mawili upande wa tumbo, ila kwenye picha nilificha 😅

Haya, zipu.

Kwanza funika ncha zake. Kata vipande viwili vya kitenge, upana sawa na zipu, uvikunje na kuvishona kwenye ncha mbili ili meno yasifike ubavuni. Ukishaweka hivyo vifuniko, zipu yote pamoja navyo iwe inchi 13. Sababu ni kwamba pale ubavuni panakutana vitu vingi mno: mbele, mgongo, bitana mbili, gamu. Ukiongeza na meno ya zipu, cherehani inagonga. Kama zipu ni ya chuma ndiyo kabisa, sindano inakatika na kipande kinaruka usoni.

Sasa tandika kipande cha juu, maua yakitazama juu. Weka zipu juu yake ikilala kifudifudi, ukingo wa zipu sawasawa na ukingo wa chini wa kipande. Halafu weka bitana juu, uso wake ukitazama chini. Zipu imekuwa nyama katikati ya mkate. Badilisha mguu wa cherehani, weka ule mwembamba wa zipu, ushone robo inchi kutoka ukingoni. Ukifika kwenye kichwa cha zipu simama, sindano ikiwa imezama, inua mguu, sukuma kichwa kipite nyuma, teremsha, endelea. Usikizunguke. Ukikizunguka kila mtu ataona ule mkunjo.

Funua, piga pasi, pigia mshono wa juu karibu na ukingo ili bitana isije ikameza meno ya zipu kila unapofungua. Kisha upande wa pili na kipande cha chini, vilevile.

Ukimaliza una ubao mmoja, mbele kitenge, nyuma bitana, zipu katikati. Weka kiolezo juu. Utakuta kimo kimezidi kama robo inchi. Punguza chini, usipunguze juu. Juu pana hesabu yake nitawaambia.

Binti Likoni (#9)

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nimeshona kwa leso, nyie mwaita khanga. Leso ni nyepesi, yataka gamu mara mbili. Lakini raha yake ni jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Nilikata ile sehemu ya jina ikae kipande cha chini cha mbele, mtu akikuangalia kiunoni ajisomee. Shida ni kwamba majina mengi ni marefu kuliko inchi 12. Nilichagua "Wema hauozi", fupi, nikafurahi. Nikasahau kutoa nusu inchi za mshono na ile mviringo ya pembe. Limetoka "ma hauoz". Nalivaa hivyohivyo.

Kwa hiyo wa leso, pimeni jina kwanza kisha begi. Mkanda na klipu nilipata Biashara Street, maduka ya vifungo.

Njugu Mawe (#10)

"Ma hauoz" 😂😂 nimecheka hadi bosi amegeuka.

Shangazi wa Goma (#11)

Bonjour wote. Sisi huku kitenge tunaita kikwembe. Miye niko na swali: siko na mashini. Naweza shona na mukono?

Fundi Majengo (#12)

Karibu shangazi. Unaweza, na likishonwa vizuri la mkono halina la kulaumiwa. Uzi uwe maradufu, uupitishe kwenye mshumaa mara tatu nne ili uwe na nta, hautajisokota na utateleza. Ushone kwa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele hatua moja, inarudi ilipotoka ule wa kwanza, inatoka mbele tena. Ule mshono wa kupiga mbizi tu, juu chini juu chini, ni wa kushikiza, siyo wa begi. Vaa kastabini kidoleni, kwenye mkanda utaihitaji. Jinzi achana nayo, utaumia. Kitenge, gamu nyembamba, bitana, basi.

Konda Mstaafu (#13)

Bado nasubiri ubavuni.

Mkasi Butu (#14)

@Konda Mstaafu leo ni leo.

Mkanda kata vipande viwili. Kifupi sentimita 15, kirefu kilichobaki, kama mita 1 na sentimita 10. Ncha zake ziunguze kwa kiberiti kidogo, ziyeyuke zishikane, la sivyo zitafumuka. (Hii ni kwa mkanda wa nailoni au plastiki. Wa pamba ukiuunguza unawaka, huo ukunje na ushone.)

Kifupi kipitishe kwenye nusu moja ya klipu, ukikunje mara mbili, ncha zake mbili zikae pamoja. Hizo ncha ndizo zitakazoingia ubavu wa kushoto. Kirefu kinaingia ubavu wa kulia, na mwisho wake wa pili utapita kwenye kiplastiki cha kurefushia na nusu ya pili ya klipu. Hiyo ya pili fanya mwisho kabisa.

Sasa ile hesabu ya juu. Kipande cha juu kilikuwa inchi 2½. Toa nusu inchi ya mshono wa juu, toa robo ya mshono wa zipu, inabaki inchi 1 na robo tatu. Mkanda wetu ni inchi 1½. Yaani mkanda unakaa kati ya mshono wa juu na zipu bila kuipanda zipu. Sikuijua hesabu hii mara ya kwanza. Niliweka mkanda katikati ya ubavu kwa macho, ukaangukia juu ya zipu, na palepale ndipo ulipochanika. Faida ya pili, mkanda ukiwa juu begi linaning'inia, halipinduki likamwaga vitu ukiinama.

Mkanda uelekee NDANI ya begi wakati unashona, umelala juu ya uso wa mgongo, ncha ikitokeza nje ya ukingo kama nusu inchi. Najua akili inakataa. Akili inataka mkanda utazame nje kwa sababu mwishowe utakuwa nje. Lakini tunashona ndani-nje.

Fundi Majengo (#15)

Nikazie hapo, na Konda anisikilize vizuri kwa sababu ugonjwa wake naujua.

Mkanda haung'oki kwa sababu uzi ni mbovu. Unang'oka kwa sababu umeshikiliwa na mshono mmoja tu, ule wa ubavu, na mshono huo umepita ukingoni mwa kitambaa ambapo nyuzi zinafumuka. Mzigo wote uko hapo. Sasa fanya hivi: kabla hujakutanisha mbele na mgongo, shona mkanda kwenye mgongo peke yake. Nyuma yake, upande wa bitana, weka kiraka cha jinzi inchi 2 kwa 3. Acha mkanda uingie ndani ya mwili wa begi inchi moja kamili kupita mstari wa mshono, kisha ushone kisanduku chenye msalaba ndani yake. Halafu ndipo mshono wa ubavu upite juu. Hapo begi linabebwa na mgongo mzima, siyo na ukingo.

Dada wa #14 anaingiza ncha kwenye mshono wa ubavu tu. Kwa begi la kwenda harusini sawa. Kwa konda, hapana.

Mkasi Butu (#16)

Fundi umenivua nguo hadharani lakini umesema kweli. La mdogo wangu nimepita mara tatu, nenda rudi nenda, na nilidhani nimemaliza. Nimekwenda kuliangalia sasa hivi. Upande wa kulia umeanza kuachia uzi. Wakuu wote fuateni #15, pale nilipoandika mimi parukeni. Kumbukeni tu kwamba kwa njia ya fundi mkanda unaonekana kwenye mgongo kwa nje kama inchi moja, haina shida, si unagusana na tumbo.

Konda Mstaafu (#17)

Fundi Majengo Mungu akuweke. Miaka 11 nalaumu wauza mabegi kumbe shida ni kisanduku.

Sindano18 (#18)

Cherehani yangu ni ile ndogo ya plastiki ya umeme. Ikifika kwenye mkanda inalia mmm-mmm na kusimama.

Fundi Majengo (#19)

Usiilazimishe, utaunguza mota. Ondoa mguu kwenye pedali, zungusha gurudumu kwa mkono sindano moja moja mpaka uvuke. Na nyuma ya mguu wa cherehani weka kipande cha mkanda au kitambaa kilichokunjwa, unene sawa na unaoupanda, ili mguu ukae sambamba usiinue pua. Mguu ukiinua pua sindano inaruka mishono.

Mkasi Butu (#20)

Kumalizia mwili wa begi. ZIPU IFUNGUE NUSU. Narudia kwa herufi kubwa kwa sababu sijasahau usiku ule. Ikiwa nusu wazi, weka mbele juu ya mgongo, kitenge kwa kitenge, mkanda wote umekusanywa katikati ukafungwa kwa kamba au pini usije ukashonewa. Shona kuzunguka, nusu inchi. Zunguka tena mara ya pili juu ya mstari uleule. Punguza ukingo ubaki robo inchi, na kwenye mviringo chanja vikato vidogo visivyofika kwenye mshono.

Kingo za ndani kama una fundi jirani mwenye ovaloki, ile cherehani ya kumalizia kingo, mpelekee, dakika moja. Kama huna, kata utepe wa bitana wa inchi 1½ kwa hanamu, yaani mshazari, uufunge ukingo wote. Hanamu, siyo kwa kufuata uzi wa kitambaa. Uliokatwa wima ukifika kwenye mviringo unakunjamana, wa hanamu unazunguka wenyewe kama nyoka.

Geuza kupitia zipu. Tumia nyuma ya penseli kusukuma pembe, usitumie mkasi. Nimewahi kutoboa.

Mwana Unguja (#21)

Assalam alaykum. Mama anatarajia kwenda Hija na kaka yangu. Nataka kumshonea kaka mkanda wa kuweka pesa na pasi ya kusafiria juu ya ihramu. Nilisita kidogo kwa kuwa mwanamume kwenye ihramu havai nguo iliyoshonwa, nikauliza, nikaambiwa wanazuoni wengi wameuruhusu mkanda wa kutunzia fedha. Swali langu ni la ufundi: hiki kipimo cha inchi 12 kwa 6 kitamfaa?

Mkasi Butu (#22)

Waalaykum salaam. Kimo 6 kinatosha, pasi ya kusafiria inaingia ikiwa imelala. Ila kwa kazi hiyo mimi ningeacha kitenge, nikachukua drili nyeupe au kaki, kitu kisichochuja rangi, maana jasho la kule na ihramu nyeupe havipatani na nakshi. Ongeza mfuko wa pili upande wa mgongo, unaogusana na mwili, zipu yake ifunguke kwa juu. Pesa kubwa nyuma, ndogo mbele. Njia ya #15 kwa mkanda, lazima, kwenye ule msongamano mtu akivutwa asiachie.

Konda Mstaafu (#23)

Hilo la pesa nyuma ni kweli hata daladalani. Mdokozi anafungua zipu ya mbele huku anakuuliza nauli ya kituo kinachofuata. Ya mgongoni hawezi bila kukukumbatia.

Na jamani mvua. Noti zililowa nikazianika kwenye bonneti kama dagaa.

Binti Likoni (#24)

Mwavuli uliovunjika mbavu, usiutupe. Kitambaa chake kifanye bitana. Mimi nimefanya, maji hayapiti upesi. Tahadhari zake ni mbili. Pasi moto mdogo sana au usiipige kabisa. Na pini usizitumie, kila tundu la pini linabaki wazi milele, maji yanapita hapo. Bana kwa vibanio vya kuanikia nguo.

Zipu nayo itavuja tu, usijidanganye. Shonea ukingo wa kitenge juu yake ukae kama paa.

Njugu Mawe (#25)

Swali la pesa. Mtu akishona matano kwa siku akauze, inalipa?

Fundi Majengo (#26)

Matano kwa siku ukiwa na kiolezo cha boksi gumu na ukakata yote kwa mara moja, inawezekana. Ila hutashindana kwa bei na yale ya kontena pale Kariakoo, yanashonwa maelfu. Watakaonunua lako ni wanaotaka kitenge kinachofanana na gauni lao au wanaotaka vipimo vyao. Kama huna hao, shona lako uvae.

Sindano18 (#27)

Wiki imepita wakuu, nimeleta mrejesho. Jinzi ya mtumba, bitana ya mwavuli, kisanduku chenye msalaba. Ila kichwa cha zipu kimechomoka wakati napunguza zipu ndefu ya mita, na nilikuwa nimeshashona upande mmoja. Kinarudi vipi?

Fundi Majengo (#28)

Chukua uma wa kulia chakula. Usimamishe, mpini chini, ukiubana kwa magoti au droo. Kichomeke kichwa cha zipu kwenye meno ya uma kikae imara, matundu mawili yakikutazama. Ingiza kingo mbili za zipu kwa pamoja, kila moja kwenye tundu lake, vuta kwako taratibu. Zikiingia sawasawa zinajifunga zenyewe. Moja ikitangulia, zipu itapinda, toa uanze tena. Kisha shona nyuzi chache kwenye ncha zote mbili mapema, kisichomoke tena.

Sindano18 (#29)

Uma umekubali! Asante fundi. Namalizia kuzungusha mshono usiku huu, kesho naweka picha.

Mkasi Butu (#30)

Tunasubiri picha.

Sindano18 (#31)

Wakuu.

Nimeshazungusha. Mara mbili kama mlivyosema. Na utepe wa hanamu nimeshaufunga kote.

Zipu nimeifunga.

Njugu Mawe (#32)

😂😂😂😂

Mkasi Butu (#33)

Pole mwenzangu, usishike wembe kwanza. Angalia zipu kwa upande huu wa nyuma ulio nje sasa, mgongo wa kichwa unaonekana. Usukume kwa kucha au ncha ya mkasi, kidogo kidogo, kuelekea upande wa kufungua. Kama ni kile kichwa kisichojifunga chenyewe kitatembea. Kikisogea inchi moja, kidole kinaingia na yamekwisha.

Kikigoma, fumua inchi 3 pale chini katikati, paliponyooka, usiguse mviringo wala ubavu wenye mkanda. Ingiza vidole, fungua zipu, geuza, rudishia hapo ulipofumua.

Sindano18 (#34)

Kimetembea.